Mbio za Hezi: Monita Zenye Kasi Kuliko Zote, na Ile Utakayoinunua

Januari 2026, kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, namba ambayo watengenezaji wa monita za gemu walikuwa wakiifukuzia kwa miaka hatimaye ilibandikwa kwenye bidhaa za kuuzwa: hezi 1,000. Acer ilikuja na Predator XB273U F6. Samsung ilikuwa imekwisha kutangaza Odyssey G6 mpya wiki chache kabla, nayo ilifika 1,040. Hiyo ni skrini inayochora picha upya mara elfu moja na arobaini kila sekunde. Monita ya kawaida ya ofisini inachora mara 60.

Kisha unasoma maandishi madogo. Acer hiyo inafika 1,000 pale tu unapokubali kushusha picha hadi pikseli 1280 kwa 720. Ukiiacha kwenye pikseli zake kamili, 2560 kwa 1440, inakwenda 500. Samsung nayo ni hivyo hivyo: 1,040 kwa picha iliyopunguzwa, 600 kwa picha kamili. Pikseli za 720 zikitandazwa kwenye kioo cha inchi 27 zinatoa picha ya chenga, na adui aliye mbali anageuka rundo la vimraba. Mchezaji wa gemu ya kulenga shabaha ananunua kasi ili amwone mtu mapema. Ukimpa kasi ukamnyang'anya macho, umempa nini? Kwa hiyo katika orodha yangu rekodi ya Samsung inayohesabika ni ile ya 600. Ile ya 1,040 ni ya bango la matangazo.

Mruko mkubwa kuliko yote

Hesabu yenyewe si ngumu, na ukiishika hutadanganywa dukani. Monita ya hezi 60 inakuletea picha mpya kila milisekunde 16.7. Ya hezi 144 inaleta kila milisekunde 6.9. Aliyehama kutoka 60 kwenda 144 ameokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Akihama tena kwenda 240, anaokoa 2.8. Kutoka 240 kwenda 360 ni 1.4. Kutoka 360 kwenda 540 haifiki hata milisekunde moja, na kutoka 540 hadi hizo 1,000 zinazopigiwa debe ni 0.85. Namba kwenye boksi inapanda kwa mamia, unachopata kinapungua kila hatua, na bei inapanda.

Tazama jambo lenyewe kwenye gemu. Aliyecheza Counter-Strike anaujua mlango wa katikati wa ramani ya Dust II: mbao mbili zilizoachana kidogo, na katikati yake upenyo mwembamba. Wewe uko upande wa pili na bunduki ya kudungua, unangoja mtu avuke. Tuseme anavuka upenyo huo kwa moja ya sita ya sekunde. Kwenye hezi 60 utamwona katika picha 10, kisha hayupo. Kwenye 144 utamwona katika picha 24. Kwenye 240, picha 40. Mwenye picha 10 anamwona adui akirukaruka kama mtu anayemulikwa na taa ya disko. Mwenye 24 tayari anaona mwendo, anajua mtu anaelekea wapi, kidole kinatangulia. Mwenye 40 anaona mwendo huo huo ukiwa laini zaidi, lakini hajifunzi jambo jipya kubwa kuhusu adui yake.

Mwaka 2019 chaneli ya Linus Tech Tips ya Kanada iliwakalisha wachezaji wa viwango tofauti, akiwemo Shroud aliyewahi kulipwa kucheza Counter-Strike, mbele ya skrini za 60, 144 na 240. Kutoka 60 kwenda 144 tofauti ilikuwa ya wazi. Kutoka 144 kwenda 240 ilikuwepo, lakini ndogo. Kipindi kile kilidhaminiwa na Nvidia, kampuni yenye kila sababu ya kutaka namba kubwa ishinde, na hata hivyo majibu yalitoka hivyo. Ndiyo maana nayaamini.

Upande wa pili kuna wale wanaoapa kwamba jicho la binadamu halioni zaidi ya 60. Hao nao wamepitwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Scientific Reports ulionyesha kwamba, kwa picha zenye kingo kali, watu waliweza kugundua kumetameta hata kwenye hezi 500. Jicho halina namba moja ya kikomo. Inategemea kinachotazamwa, kinasogea kwa kasi gani, na kama jicho lenyewe linakifuata.

Ya kwanza, iliyozaliwa kwa kazi nyingine

Monita bapa za kwanza za hezi 120 kuuzwa kwa wachezaji hazikutengenezwa kwa ajili ya kasi. Mwanzoni mwa 2009 Nvidia ilizindua 3D Vision, miwani yenye vioo vinavyofunga na kufungua kwa zamu: jicho la kushoto linaona picha moja, la kulia linaona inayofuata. Ili kila jicho lipate picha 60 kwa sekunde, ilibidi skrini ichore 120. Samsung ikatoa SyncMaster 2233RZ ya inchi 22, ViewSonic ikatoa VX2265wm, zote za pikseli 1680 kwa 1050. Watu wakazinunua, wakavaa miwani, wakaumwa vichwa, wakaivua. Halafu wakagundua kwamba bila miwani, kishale cha mausi kinateleza kwenye skrini kwa ulaini ambao hawakuwahi kuuona kwenye kioo bapa. Miwani ilikufa, Nvidia iliacha kuihudumia mwaka 2019. Hezi 120 zikabaki, na biashara nzima tunayoizungumzia hapa ikaota kwenye kaburi la ile miwani.

Waliofuata walipokezana kijiti haraka. ASUS ilifika 144 mwaka 2012, na VG248QE yake ya inchi 24 iliyofuata ikawa monita ya rika zima la wachezaji. Nvidia ilipotangaza teknolojia ya G-Sync mnamo Oktoba 2013 ilichagua hiyo hiyo, kisha ikawauzia watu kifurushi cha kufunga wenyewe: bisibisi mkononi, unafungua mgongo wa monita, unatoa ubao wa ndani, unaweka mpya. Sijui kampuni gani leo ingethubutu kumwambia mteja afanye hivyo.

G-Sync, na FreeSync ya AMD iliyofuata mwaka 2015, zilitibu ugonjwa ambao wengi waliudhania ni wa kompyuta zao. Gemu haitoi fremu kwa mpangilio. Mara 130 kwa sekunde, mara 87 moshi unapotanda. Skrini inayochora kwa mapigo yasiyobadilika inaweza kudaka fremu ikiwa nusu, ukaona ukuta umekatika katikati, juu uko huku na chini uko kule. Kwa teknolojia hizi skrini inangoja fremu iwe tayari ndipo inachora. Siku hizi karibu kila monita ya gemu inayo, hata za bei rahisi, na Machi 2024 AMD iliweka sharti kwamba monita ya kawaida ya mezani isiyofika hezi 144 haipewi tena nembo ya FreeSync. Hapo ndipo sakafu ilipo sasa.

Rekodi nyingine nitazipitia haraka, maana zinafanana. Hezi 240 zilikuja mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017. ASUS PG259QN ilileta 360 mwaka 2020 kwa dola 699. Mwaka 2023 Alienware AW2524H ilifika 500 kwa dola 829, na ASUS PG248QP ikafika 540 kwa dola 899. Zowie, ambayo meza za mashindano ya Counter-Strike zimejaa monita zake, ilipanda hadi 600. ASUS ikajibu na 610 kwenye maonyesho ya Computex ya 2025. Kumi zaidi! Kwa hesabu yetu ya juu, hiyo ni tofauti isiyofika sehemu ya thelathini ya milisekunde moja.

Nzito kuliko zote, na kongwe iliyo bado kazini

Kabla ya vioo bapa kulikuwa na vile vya kisogo kirefu, na kisogo kirefu kuliko vyote wachezaji wanavyovisifu ni cha Sony GDM-FW900: inchi 24, pikseli 2304 kwa 1440, hezi 80 kwa picha hiyo, na uzito wa kilo 42 hivi. Kuipandisha ghorofani ni kazi ya wanaume wawili wasiogombana. Imeacha kutengenezwa zamani, na bado kuna watu wanaoitafuta kwa bei ambayo ingewanunulia monita mpya ya OLED.

Si ushamba wala kukumbuka ya kale tu. Kwenye kioo cha zamani mwale wa elektroni unapita, nukta inang'aa kwa muda mfupi sana, kisha inakuwa giza hadi mwale urudi. Kwenye kioo bapa nukta inawaka na kubaki vile vile hadi picha inayofuata. Jicho linalofuata kitu kinachosogea haliwezi kusimama na picha. Linaendelea kuteleza wakati picha imesimama, na ubongo unausoma mvutano huo kama ukungu. Kitu kinachokwenda pikseli 960 kwa sekunde kinaacha ukungu wa upana wa pikseli 16 kwenye hezi 60, pikseli 4 kwenye 240, pikseli 2 kwenye 480. Kwa hiyo tulipohama kutoka kioo kizito kwenda kioo bapa tulirudi nyuma, na mbio zote hizi za hezi, kwa sehemu kubwa, ni safari ya kurudi tulikokuwa. Ndiyo sababu pia baadhi ya monita zina kitufe cha kuzima na kuwasha taa ya nyuma kati ya picha na picha. Zowie wanaiita DyAc. Mwanga unapungua, lakini majina yaliyoandikwa juu ya vichwa vya wachezaji yanasomeka huku yanakimbia.

Na kwa ukongwe, hakuna anayewafikia wachezaji wa Super Smash Bros. Melee. Gemu hiyo ya Nintendo GameCube ilitoka mwaka 2001, na mashindano yake mpaka leo yanachezwa kwenye runinga za kisogo. Mashine inatoa ishara ya kizamani ambayo runinga hizo zinaichora papo hapo, ilhali runinga mpya inaipokea, inaitafsiri, inaikuza, ndipo inaonyesha. Waandaaji wanabeba runinga kwenye magari kama wanaohama nyumba.

Polepole kuliko zote

IBM T220 na mwenzake T221, kuanzia mwaka 2001: inchi 22, pikseli 3840 kwa 2400 wakati wengi wetu tulikuwa na 1024 kwa 768. Kasi ya juu ya matoleo yake ya kwanza ilikuwa hezi 41, na ukiiunganisha kwa kebo moja tu ilishuka hadi kama 13. Wa kwanza kuichukua walikuwa wanasayansi wa maabara ya Lawrence Livermore kule California, watu wasio na haja ya kumpiga mtu risasi akivuka mlango.

Uongo mkubwa zaidi kwenye boksi

"1 ms." Imeandikwa kwenye karibu kila boksi, kubwa, kwa rangi nyekundu. Hezi zinaeleza picha inabadilishwa mara ngapi. Namba hii inadai kueleza nukta yenyewe inachukua muda gani kubadili rangi. Kama nukta inahitaji milisekunde 10 kumaliza kubadilika na picha mpya inafika kila 6.9, basi picha mbili zinakaa moja juu ya nyingine na hezi ulizolipia zimepotea.

Tatizo ni jinsi inavyopimwa. Kiwanda kinachagua mruko mmoja wa rangi ya kijivu uliotoka vizuri kuliko mingine, tena mara nyingi kwa mpangilio mkali ambao ukiuwasha nyumbani kila kitu kinachosogea kinaacha kivuli cheupe nyuma yake. Boksi jingine linaandika "1 ms" ya kipimo tofauti kabisa, kinachopatikana kwa ule ujanja wa kuzima taa ya nyuma. Vioo vya aina ya VA ndivyo vinavyoumbuka zaidi. Vina weusi mzuri, bei nzuri, lakini vingi vikitoka kwenye giza kwenda kijivu vinajikokota, na kwenye ramani ya usiku utaona wino ukiburuzwa nyuma ya kila mtu. Vipo vya VA vilivyojinasua, Odyssey G7 ya 2020 ikiwa mfano, lakini si vile vya bei ya chini vinavyojaa madukani. IPS ndiyo salama kwa mtu asiyetaka kusoma majaribio usiku kucha. TN ni ya haraka na imefifia rangi. Ukiitazama kutoka pembeni, uso wa mtu unageuka.

OLED haina ugomvi huu. Nukta zake zinabadilika kwa 0.03 ya milisekunde, kwa hiyo OLED ya hezi 240 inaonekana safi kuliko vioo vingi vya kawaida vya hezi 360. Kwa kasi nazo zimepanda: 480 mwaka 2024, 500 mwaka 2025, na LG Display imeonyesha kioo cha 540 kinachofika 720 kwa picha iliyopunguzwa. Kasoro yake ya kukumbuka ni moja. Picha inayosimama mahali pamoja kwa miezi, kama ramani ndogo ya gemu au mstari wa chini wa Windows, inaweza kuacha alama ya kudumu. Kampuni kadhaa zinatoa dhamana ya miaka mitatu kwa hilo. Lakini dhamana hiyo haipandi ndege na mtu aliyekuletea monita kutoka Dubai kwenye begi lake.

Kosa linaloenea kuliko yote

Mtu amenunua monita ya hezi 165, ameifunga, ameisifu kwa marafiki, na inachora 60. Windows haipandishi yenyewe kila mara. Inabidi uingie kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, kisha ile ya skrini ya hali ya juu, uchague namba kwa mkono wako. Ni kazi ya nusu dakika, na wapo walioishi miaka bila kuifanya.

Kebo nayo ina mambo yake. Tundu la HDMI 1.4 likiwa na picha ya 1920 kwa 1080 mara nyingi linaishia 120. HDMI 2.0 inafika 240 kwa picha hiyo. DisplayPort 1.2 inabeba 144 kwa picha ya 2560 kwa 1440, na 1.4 inabeba 240. Monita nyingi za bei rahisi zinaandika hezi 180 kwenye boksi huku tundu lao la HDMI likiishia 144, na kebo iliyomo ndani ya boksi ni ya HDMI. Angalia karatasi ya maelezo, si picha ya mbele. Kisha wapo wenye kompyuta ya ofisini iliyotumika, yenye tundu la VGA, wanaonunua adapta ya bei chee ili kuunganisha monita mpya. Hapo usitarajie kuvuka 60. Na kuna aliyeongeza kadi ya grafiki halafu akachomeka monita kwenye tundu la ubao mama. Kadi inakaa bure, feni zinazunguka.

Umbali mrefu kuliko wote

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kukaa na kalamu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 2,900. Kwenda na kurudi, mwanga wenyewe unahitaji milisekunde 29 hata kama kusingekuwa na kifaa kimoja njiani. Dubai ni 36 hivi. Frankfurt ni 63. Na nyaya za baharini hazinyooki: SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009, na EASSy ya 2010, zinazunguka kupitia baharini, kwa hiyo namba halisi kwenye gemu ni kubwa zaidi. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja baharini, intaneti ya Tanzania na Kenya ilizorota kwa siku kadhaa na hakuna monita duniani ambayo ingesaidia.

Valve, kampuni inayotengeneza Counter-Strike, ina seva za gemu hiyo Johannesburg na Dubai. Mchezaji wa Dar es Salaam anayehangaika kati ya monita ya 240 na ya 360 anapigania milisekunde 1.4, huku njia ya kwenda na kurudi kwenye seva inakula mara ishirini ya hiyo au zaidi. Sisemi aache. Ulaini wa picha anaupata pale pale mezani pake, seva iwe popote, na mkono unalenga vizuri zaidi kwenye picha laini. Lakini kabla ya kulipia 360, avute waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta aache kucheza kwa waifai inayopita kuta mbili. Waya huo ni wa bei ya chakula cha mchana.

Gemu zisizotaka kujua

Tekken 8 na Street Fighter 6 zinakwenda fremu 60, kwisha. Kila pigo limepimwa kwa fremu. Pigo la fremu 10 linatoka baada ya moja ya sita ya sekunde kwa kila mtu duniani. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama Queen Arrow, aliingia kwenye timu ya Marekani ya UYU kwa Tekken 7, gemu ya fremu 60 vile vile. Skrini ya 144 au 240 inawapunguzia wachezaji hawa ucheleweshaji kidogo, kwa sababu inamaliza kuchora kila picha haraka zaidi, lakini haiongezi picha hata moja.

Vibanda vya gemu vinaendeshwa na gemu za mpira, na mpira kwenye konso umezoea fremu 60. PS4 haiivushi runinga zaidi ya hezi 60, kwa hiyo mwenye kibanda cha PS4 anayeambiwa na muuzaji achukue monita za 165 "ili wateja wafurahie" anaibiwa akitabasamu. PS5 na Xbox Series X zinafika 120, na zipo gemu zinazozitumia, Fortnite na Call of Duty: Warzone zikiwemo. Baada ya 120 hakuna kitu. Monita ya 240 kwa ajili ya PS5 ni pesa iliyolala.

Inayostahili pesa kuliko zote

Kwa wengi, ni monita ya inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080, kioo cha IPS, hezi kati ya 144 na 180. Marekani sasa zinauzwa kwa dola 100 hivi, sehemu ya saba ya bei ya ile ya 360 ilipotoka. Huku kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya watu wawili watatu. Inchi 24 si umaskini. Wachezaji wa kulipwa wa Counter-Strike wanaing'ang'ania kwa sababu skrini nzima inaingia machoni bila kugeuza shingo.

Lakini tazama kwanza mashine inayoilisha. Hezi 240 maana yake kompyuta imalize kila fremu ndani ya milisekunde 4.2, kila mara, hata mabomu yakilipuka. Valorant na League of Legends ni nyepesi, kompyuta ya kati inaweza. Gemu zenye ramani kubwa na watu mia moja zinamchosha hata mwenye kadi ya bei mbaya. Mwenye kompyuta ya ofisini iliyotumika, i5 ya kizazi cha nne na kadi ndogo, akinunua monita ya 144 atafaidi kwenye gemu nyepesi, na FreeSync itamfichia aibu kwenye nzito. Akinunua ya 360 amenunua pambo. Mwenye mashine ya nguvu kweli aende 27 ya 2560 kwa 1440 na hezi 240, OLED ikiwezekana. Kuanzia 360 kwenda juu nawaachia wanaoshindana wakiwa chumba kimoja na seva, ambako ule umbali wa baharini haupo.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi utakuta monita nyingi zilizotumika kutoka Uingereza na Dubai, na plagi zake za pini tatu zinaingia ukutani bila adapta. Nyingi ni Dell na HP za maofisini, imara, rangi nzuri, hezi 60, hata muuzaji akiziita za gemu kwa sababu zina ukingo mwembamba. Chukua namba ya modeli kwenye karatasi ya mgongoni, si jina analokutajia, uitafute kwenye simu papo hapo. Ukiridhika, mwambie aiunganishe kwa kebo uliyokuja nayo, fungua ile sehemu ya mipangilio usome namba kubwa inayokubalika. Kisha shika dirisha lolote kwa mausi ulizungushe kwa kasi: maandishi ya juu yake yakibaki yanasomeka huku yanazunguka, uko mahali pazuri. Mwisho weka picha nyeusi tupu, umwombe azime taa ya karibu, utafute nukta zilizokufa na mwanga unaovuja kwenye kona. Akikataa kuzima taa, maduka ni mengi mtaa huo.